Joto la Ng'ombe wa Masalu

Kila siku saa moja asubuhi, kabla hajanywa chai, Luhaga mwana wa Masalu alipiga magoti kwenye uwanja wa ukoka wa klabu ya Wazungu pale Mwanza, akachomeka kipimajoto ardhini hadi kwenye alama ya inchi nne, akasubiri, akakichomoa, akaandika tarakimu kwenye daftari. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza. Ya pili ilikuwa kukata majani, ya tatu kumwagilia, na ya nne kumsikiliza Bwana Ridli, katibu wa klabu, akieleza kwa nini tarakimu zile hazimridhishi.

Uwanja wenyewe ulibanwa kati ya majabali na ziwa. Majabali yaliziba jua mpaka saa nne, na upepo wa ziwani uliupuliza usiku kucha, kwa hiyo miezi ya kipupwe udongo wake ulikuwa baridi kama sakafu ya kanisa. Wakati wa sherehe ya kuzaliwa kwa Malkia, Juni mwaka 1955, mahema matatu yalisimikwa juu ya ukoka ule na watu zaidi ya mia mbili wakacheza dansi humo kwa viatu vyao. Walipoondoka, uwanja ulibaki kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye.

Bwana Ridli alikuwa na kitabu kuhusu majani, na alikiamini. Alimweleza Luhaga kwamba ukoka una uvivu wake: udongo ukishuka chini ya digrii sabini za Farenhaiti mizizi hufunga mdomo, na mbolea utakayoimwaga italala tu pale juu ikingoja mvua iisombe. Hata hivyo aliagiza mbolea ya chumvichumvi imwagwe, tena mara mbili, kwa sababu wanachama walikuwa wanalalamika na ilikuwa lazima waone kitu kinafanyika. Kipimajoto kilisoma sitini na tisa. Mabaka yakageuka njano, kisha kahawia, na maji ya ufukweni yakawa kijani kibichi kwa muda wa wiki nzima. Luhaga hakushangaa. Alikuwa amewahi kumwona mgonjwa aliyewekewa ugali kitandani huku hawezi kumeza mate.

Mwishoni mwa mwezi yakaletwa magunia kumi na mawili ya unga wa mifupa. Bwana Ridli alisema hii ni mbolea ya polepole, haiunguzi, inangoja na majani mpaka yawe tayari. Luhaga alifungua gunia la kwanza, akaingiza mkono, akaushika ule unga kiganjani kwa muda.

Alijua ulikotoka. Miaka miwili nyuma ilitolewa amri ya kupunguza mifugo, kwa maelezo kwamba vilima vya Usukuma vimechoka kukanyagwa. Maofisa walifika mpaka nyumbani kwao, karibu na Bujora, wakachagua ng'ombe kumi na tisa katika zizi la baba yake, wakawapiga chapa pajani na kuwaswaga. Masalu hakubishana nao. Aliwasindikiza ng'ombe wake mpaka njia panda, akarudi, na tangu siku hiyo akawa mtu wa maneno machache. Wale ng'ombe hawakufika mbali. Waliwekwa kwenye uwanja wenye seng'enge usiokuwa na maji ya kutosha, wakisubiri treni, na kiangazi kikawamaliza wote kabla treni haijaja. Mifupa ikaokotwa, ikachomwa, ikasagwa.

Luhaga akaumwaga unga kama alivyoagizwa, kiganja kimoja kwa kila hatua moja, akaukoroga na udongo kwa reki.

Siku ya tatu, jioni, jua likiwa bado halijazama, dume mwekundu mwenye paji jeupe alikuwa amelala katikati ya uwanja, anacheua bila kitu mdomoni. Sikio lake la kushoto lilikuwa na mikato miwili midogo, ambayo ndiyo alama ya Masalu. Kesho yake walikuwa watano. Ilipofika Jumamosi walikuwa kumi na tisa, wamekonda, mbavu zinahesabika, kila mmoja na chapa yake ya serikali pajani.

Luhaga alikwenda kumwarifu Bwana Ridli. Bwana Ridli alitoka na glasi yake mkononi, akawazunguka ng'ombe mara moja, akauliza kama wanakula majani. Luhaga akasema hawali. Akauliza kama wanakunya. Luhaga akasema hapana. Bwana Ridli akafikiri, kisha akamwagiza apime udongo chini ya tumbo la yule dume. Kipimajoto kilipanda mpaka digrii mia moja na moja. Barua fupi ikapelekwa kwa bwana mifugo, naye akajibu siku hiyo hiyo kwamba hilo ni joto la kawaida kwa ng'ombe mwenye afya njema. Bwana Ridli akaridhika.

Baada ya siku nne, pale alipokuwa amelala dume, ukoka ulikuwa umefunga. Haukuwa na baka hata moja. Ulikuwa mnene, kijani cha kukolea, unarudisha mguu ukiukanyaga. Mbolea ilikuwa imepata joto lake. Bwana Ridli akapima kipande kile kwa rula, akaandika mwenyewe kwenye daftari, halafu akatoa agizo jipya: ng'ombe wasifukuzwe, bali kila Alhamisi na Jumapili Luhaga awainue na kuwahamishia penye mabaka.

Hivyo Luhaga akawa mchungaji wa ng'ombe wa baba yake. Alikuwa amewachunga utotoni, na walimjua. Alimgusa dume begani kwa mpini wa reki, dume akainuka, na wengine wakafuata. Wanachama wa klabu waliwazoea. Mmoja aliandika kwenye kitabu cha malalamiko kwamba ng'ombe wanapumua kwa sauti wakati wa karata, lakini wake wa wakubwa, jioni za baridi, walisogeza viti vyao karibu na ng'ombe na kuvua viatu.

Jumapili moja Luhaga alipata ruhusa, akaenda nyumbani Bujora. Baada ya kula aliwaeleza wazazi wake habari yote, tangu magunia hadi mabaka. Mama yake, Wilhelmina, aliacha kusafisha sufuria ili asikie vizuri. Masalu alisikiliza akitazama zizi lake, ambalo nusu yake ilikuwa imeota magugu.

"Wamekonda?" akauliza.

"Wamekonda, baba."

Jioni ile Luhaga akarudi kazini. Kesho yake kabla ya jua kuchomoza Masalu alichukua fimbo yake akaondoka kwa miguu, na alipofika Mwanza ilikuwa alasiri. Mlinzi wa geti la klabu alikuwa Yahaya, mtu wa mjini, mpole, ambaye baba yake na babu yake walikuwa mafundi wa kushona viatu pale pale Mwanza. Alimpokea mzee kwa heshima, akampa kigoda chake mwenyewe, akamletea maji, kisha akamweleza kwamba Mwafrika asiyefanya kazi humo ndani haruhusiwi kuvuka geti. Masalu akasema amesikia. Akakaa, akanywa maji, akapumzisha miguu. Halafu, akiwa pale pale kwenye kigoda, akapiga mbinja.

Ilikuwa mbinja ya kawaida, ile ya kuwarudisha ng'ombe kutoka malishoni. Wote kumi na tisa wakainuka. Wakapita katikati ya viti na meza za chai bila kuangusha kikombe, wakatoka getini mmoja mmoja, na Yahaya akawafungulia upande wa pili wa geti ili wasibanane, maana hakuna mtu aliyewahi kumwekea kanuni ya ng'ombe wanaotoka. Masalu akasimama akaongoza njia. Luhaga alikuwa amesimama na reki yake. Aliwatazama mpaka walipopotea kwenye kona ya barabara, halafu akaenda kupima udongo, kwa sababu hilo ndilo agizo lililokuwapo kila ng'ombe wanapohama.

Ng'ombe walilala nyumbani kwao siku mbili. Magugu ya zizini yakageuka majani mazuri. Wilhelmina, ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua kila kipupwe, aliketi jioni zote mbili akiwa ameegemea ubavu wa mtamba mmoja mweusi, na baadaye alisema kwamba magoti hayakumuuma. Masalu alizungumza. Alizungumza muda mrefu, habari za mvua, za ng'ombe fulani na mama yake ng'ombe huyo, mpaka majirani wakaja kumsikiliza. Siku ya tatu askari wakafika na malori.

Kesi ilikuwa ya wizi wa mifugo. Mahakama ilijaa kidogo tu. Hakimu alitaka kwanza kujua kama wanyama wenyewe ni hai, na bwana mifugo akaeleza kwamba yeye hawezi kuthibitisha uhai, ila joto lao ni la kawaida. Hakimu akasema hilo linatosha. Ikaelezwa kwamba ng'ombe hao walipatikana kihalali mara mbili: mara ya kwanza kwa amri, wakiwa ng'ombe, na mara ya pili wakiwa mbolea, ambayo klabu iliinunua dukani kama mtu mwingine yeyote. Kilichobaki ni kuonyesha hasara. Hapo ndipo alipoitwa Luhaga na daftari lake.

Hakuulizwa ng'ombe ni wa nani. Aliambiwa asome tarakimu za siku ile, na akazisoma, kwa sauti ya kusikika, kwa sababu ndivyo zilivyokuwa na ni mkono wake mwenyewe ulioziandika. Saa moja asubuhi, mia moja na moja. Saa kumi na mbili jioni, ng'ombe wakiwa wameondoka, themanini na mbili. Saa moja asubuhi iliyofuata, sitini na tisa. Karani akaandika. Mama yake alikuwa ameketi benchi la nyuma, mikono mapajani.

Masalu akaulizwa kama ana la kusema.

"Sikuiba," akasema. "Niliita."

Alifungwa miezi tisa. Malori yakawarudisha ng'ombe klabuni, wakashushwa, wakalala kwenye mabaka. Mwezi wa saba wa kifungo, kifua kilimbana Masalu, maana alikuwa akilala kwenye sementi tupu, akafa, akazikwa na wafungwa wenzake siku hiyo hiyo kwenye makaburi ya gereza. Taarifa iliwafikia jamaa zake baada ya siku kumi.

Kwa kuwa ng'ombe walikuwa wamerudi, Luhaga alitarajia kwamba baba yake naye atarudi. Jioni, kazi ikiisha, alikuwa akikaa kwenye ngazi za banda la vifaa na kutazama uwanja. Alikaa hivyo mwezi mzima, kisha wa pili. Baba yake hakuja. Alikuwa amelala katika udongo wa kokoto nyuma ya ukuta, ambako jua halifiki na hakuna aliyeweka mbolea.

Miaka ikaenda. Luhaga akaoa, akapata watoto, akawa anajulikana mjini kama fundi wa majani. Mwisho wa mwezi alikwenda Bujora, na mama yake alimpikia kama zamani, wali na maharage na maziwa ya mgando kutoka kwa ng'ombe wa jirani. Walizungumza habari za pamba, za ndugu, za padri mpya. Habari za mahakamani hazikutajwa na yeyote kati yao. Luhaga alikuwa akitoka pale kila mara na kiu ya kusema jambo ambalo lilikuwa limemfika mdomoni, na kila mara alifika barabarani hajalisema.

Wakati huo kulikuwa na mikutano ya kudai uhuru. Katika mikutano hiyo msemaji mmoja hodari alikuwa Ngosha, karani wa ghala la pamba, kijana mwenye sauti iliyofika mbali bila kupaza. Ngosha alikuwa akisema kwamba siku nchi itakapokuwa yetu, kila kilichochukuliwa kwa amri kitarudi kwa mwenyewe, na alikuwa akitoa mfano wa ng'ombe wa Masalu. Watu walipiga makofi. Luhaga naye alipiga, akiwa amesimama nyuma kwa sababu ya kazi yake.

Oktoba mwaka 1961 Bwana Ridli akarudi kwao. Alimkabidhi Luhaga kipimajoto, daftari na kile kitabu kuhusu majani, akampa mkono kwa mara ya kwanza, akamwambia asisahau kuwahamisha Alhamisi na Jumapili. Klabu na uwanja wake vikakabidhiwa kwa Ngosha, kwa kuwa wakubwa wapya walihitaji mahali pa kupokelea wageni.

Usiku wa Uhuru na siku iliyofuata, mvua za Desemba zikinyesha, maelfu ya watu waliingia uwanjani. Walicheza ngoma, waliimba, walilia, walibebana. Ng'ombe walikuwa wamesogezwa kandokando ya majabali, na watoto wakapanda migongoni mwao kuona bendera. Luhaga alicheza pia, mpaka shati likamganda mwilini. Asubuhi ya Jumatatu palikuwa na tope tupu kutoka geti mpaka ziwani. Hapakuwa na jani.

Ngosha alikuja akiwa na mwavuli. Alilitazama lile tope akatabasamu, kwa sababu lilikuwa tope la furaha, kisha akamweleza Luhaga kwamba mwishoni mwa mwezi wanakuja wageni kutoka Dar es Salaam, watu wakubwa sana, na lazima wakute kijani. Luhaga akamjibu taratibu kwamba ukoka haufi; mizizi iko hai chini, na ukiachwa wenyewe utafunga uwanja mwezi wa tatu. Ngosha akasema mwezi wa tatu ni mbali. Ng'ombe wapo. Joto lipo. Wawekwe penye tope na wahamishwe kila siku.

Hapo Luhaga akamkumbusha habari ya mikutano. Alimkumbusha bila ukali, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kitu alichokiangusha.

Ngosha alikunja mwavuli. Hakuwa mtu mbaya, na maneno yale yalimgusa. Akasema ng'ombe sasa si wa klabu wala si wa Mzungu, ni wa taifa, na taifa ni pamoja na mzee Masalu, kwa hiyo kwa namna fulani wamekwisha kurudi. Akauliza kama kuna jambo jingine ambalo anaweza kusaidia. Luhaga akasema lipo. Akamweleza juu ya makaburi ya gereza. Anataka mifupa ya baba yake, aende kuizika Bujora. Ngosha akasema hilo linahitaji barua tu, na barua ataitia saini yeye mwenyewe. Wageni wakikuta kijani, Luhaga atapata barua. Kisha akampa koti jipya la kaki lenye vifungo vya shaba, kwa sababu msimamizi wa uwanja wa taifa hawezi kuvaa shati lililochanika.

Barua hiyo haikuandikwa mwezi ule wala mwaka uliofuata. Lakini Luhaga hakuwa na namna ya kulijua hilo, na jioni ile alilala akiwaza ni mahali gani pa shamba pafaa kaburi.

Asubuhi ya Jumanne Wilhelmina alishuka kwenye lori la pamba, akatembea kipande kilichobaki, akafika getini na kamba ya katani begani. Alikuwa amesikia kwamba nchi imerudi. Geti lilikuwa wazi kwa kila mtu tangu Jumamosi. Yahaya akamsalimu na kumwelekeza, naye akaingia mle ndani kwa mara ya kwanza maishani mwake, akatembea kwenye tope mpaka walipolala ng'ombe. Akawapitia mmoja baada ya mwingine, akigusa masikio. Mtamba mweusi alimnusa magotini. Kisha akamfunga dume mwekundu kamba shingoni, akamvuta kidogo, na dume akainuka. Wote wakainuka. Mvuke ukatoka ardhini pale walipokuwa wamelala.

Luhaga alikuwa amepiga magoti upande wa pili na kipimajoto chake. Aliona kundi linasogea. Akasimama, akajifuta magoti, akawahi getini kabla yao.

"Mama, subiri mwezi uishe," akasema. "Wageni wakishakuja."

"Wageni wa nani?"

Akamweleza. Alieleza vibaya, akirudia maneno: tope, wiki tatu, barua, saini, baba. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Nyuma yake ng'ombe kumi na tisa walisimama kwa mstari wakisubiri, wakipumua.

"Baba yako aliwaita hawa," akasema Wilhelmina. "Hajaita mtu amfukue."

"Nitamleta nyumbani, mama."

"Kwenye zizi tupu."

Luhaga akaweka mkono juu ya kamba. Alitegemea kwamba mama yake atavuta, na alikuwa amejiandaa kuishika kwa nguvu, lakini hakuvuta. Alitazama ule mkono, kisha koti, kisha vifungo, kimoja kimoja kuanzia chini, mpaka akafika usoni. Akaachia kamba. Akaufunga upya mtandio wake kichwani, akapiga goti kidogo, goti lile lile bovu, kama alivyokuwa akiwapigia maofisa waliofika zizini.

"Shikamoo," akasema.

Yahaya, aliyekuwa hatua tatu tu kutoka pale, aligeuza uso akatazama ziwa. Barabarani palikuwa na watu wanaokwenda sokoni, nao wakapunguza mwendo. Mama yake alibaki ameinama vilevile, akisubiri kuitikiwa, na udongo nyuma yake ulikuwa unapoa.

"Marahaba," akasema Luhaga, akawageuza ng'ombe.